Kigugumizi cha Sinema

Nilimwaga kahawa. Birika zima, mchangani, mbele ya wanaume waliokaa barazani kwetu Matrah, jirani na Maskati, nikamwambia ami yake mume wangu kuwa siku akimwita tena mwanangu "mtumishi", itakayofuata nammwagia kichwani.

Jina hilo lilitoka kwa mwigizaji mmoja wa Kiingereza. Kabla mapinduzi hayajatukimbiza Unguja, ami alikuwa hakosi sinema, na katika kila filamu ya kuchekesha alimngojea mzee mmoja mwembamba, mwenye masikio mapana, ambaye haonekani ila dakika chache. Leo mtumishi wa bwana mkubwa, kesho askari, mara hakimu aliyesinzia kortini. Kazi yake maisha yote ilikuwa hiyo hiyo: ashikwe na kigugumizi, akodoe macho, aangushe sinia. Ami alishawahi kumsikia redioni, akatwambia anasema maneno mteremko kama maji.

Huku Maskati sinema hakuna, Sultani hataki. Basi ami akaifanya mwenyewe barazani, filamu moja baada ya nyingine, na watu wazima waliopoteza nyumba na mashamba wakicheka mpaka machozi. Sikuwalaumu. Na mimi nikicheka, nyuma ya pazia.

Lakini mwanangu ana kigugumizi cha kweli, na ami ndiye aliyekuwa akisomesha watoto wa mtaa wetu Kurani, chuoni kwake. Mtoto akikwama kwenye Bismillahi, ami huangusha sinia, na chuo kizima hakina mbavu. Nikamlalamikia mume wangu. Akaniambia ami anampenda mtoto, ndiyo maana kampa jina la mtu anayemhusudu kuliko wote. Waliamini hivyo ukoo mzima. Ati ni heshima.

Mtoto akaacha kusoma. Halafu akaacha hata kuomba maji. Akawa ananyoosha kidole kwenye mtungi.

Siku ile ya kahawa ami hakukasirika. Akacheka. "Binti yangu, kigugumizi kimemlisha yule Mzungu umri wake wote."

"Yule akirudi kwake anakivua pamoja na koti, ami. Wangu akivue wapi?"

Kesho yake chuoni ami akaangusha sinia tena.

Liwali husikiliza mashtaka asubuhi, na mwanamke humtuma mwanamume wake. Wangu alikataa, nikavaa buibui nikaenda mwenyewe. Karani akaniuliza yuko wapi mume wangu. Nikamwambia yuko nyumbani, na aandike ninayosema bila ya kupunguza:

"Namshtaki mwalimu wa Kurani, ami wa mume wangu. Amekifanya kisomo cha mwanangu mchezo wa kuchekesha watoto, na mwanangu ameacha kusema. Sitaki afungwe, sitaki fidia. Nataka akatazwe kusomesha mpaka mwanangu aisome Alhamdu mbele yake, mwanzo hadi mwisho, kwa muda wowote atakaouhitaji mtoto, na yeye akae kimya."