Munkoyo Ambao Sikuunywa

Wakati jimbo letu la Katanga lilipojiita nchi, mimi na mke wangu tulikuwa na vita yetu wenyewe mtaani kwetu Kampemba. Nilikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi mke wangu alitia matone ya mkojo wangu kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, akaichemsha juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Ikibaki buluu, niko salama. Ikiwa nyekundu kama tofali, sukari imepanda.

Kwa muda mrefu ilibaki buluu. Halafu presha ikapanda, miguu ikavimba, na daktari akanipa vidonge vya kutoa maji mwilini. Miguu ilinywea, viatu vikaingia. Lakini ile dawa ya kichupani ikaanza kugeuka: kijani, njano, mwishowe tofali.

Mke wangu alijua wa kumlaumu. Jumapili nilikuwa naenda mtaa wa Ruashi kwa yaya, dada yangu mkubwa, fundi wa munkoyo, kinywaji chetu kitamu cha mahindi. Kwetu, mgeni akikataa kikombe amemtukana mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nakataa, yaya ananuna, nami naomba maji. Nilimweleza mke wangu hivyo hivyo.

"Mukojo haiwezi kusema bongo," akasema, yaani mkojo hausemi uongo. "Weye ndiyo unaweza."

Hata mimi nilianza kujishuku. Kiu haikuniacha, chooni sikutoka, na sikujua kama ni kidonge kinafanya kazi yake au ni sukari. Nilipunguza bukari, ugali wetu, mpaka suruali ikawa inanivuka. Bado tofali. Nilitamani kukipasua kile kichupa.

Mwishowe mke wangu alivuka vizuizi vya askari, akaenda Ruashi peke yake kumwambia yaya kwamba anamuua ndugu yake. Yaya, ambaye kikombe chake nilikikataa miezi yote ile, alifunga mlango. Hakuja tena kwetu, na iliniuma sana.

Daktari wetu alikuwa amekimbia mapigano. Aliyekuja badala yake aliuliza ni dawa gani ninazomeza, akavitazama vile vidonge, akasema kwamba kwa baadhi ya watu dawa ya kutoa maji hupandisha sukari. Mke wangu akamwomba arudie. Alirudia, akanibadilishia dawa.

Buluu haikurudi mara moja, ilipitia kijani kwanza. Asubuhi ile buluu iliporudi, mke wangu alivaa liputa, kitenge chake cha kanisani, akasema twende Ruashi.

Yaya alitufungulia. Alileta kikombe kimoja tu cha munkoyo, akakiweka mbele yangu, akasimama akingoja nikatae. Mke wangu akapiga goti, akakichukua kwa mikono miwili.

"Yaya, ile yote alikataa, nitakunywa miye."

Akanywa mpaka chini. Yaya akakijaza tena. Kisha, bila mimi kuomba, akaniletea maji.