Kaburi Lililonyimwa Maji

Mwanamize binti Maulid bin Mkubwa, mzaliwa wa Makunduchi, mkaazi wa Sparkbrook, Birmingham, Uingereza, tangu mwaka wa sabini na nne. Babu yake Mkubwa alichimba kisima cha msikiti kwa mikono yake na akakataa jina lake kuandikwa popote. Baba yake Maulid alisomesha chuoni miaka thelathini bila kuuliza huyu mtoto wa nani. Yeye mwenyewe Mwanamize alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na miwili, akalea watatu, akazika mume, na akaosha maiti za wanawake mia moja na kumi na nne wa mji huu, Waswahili, Wasomali na Wapakistani, na mpaka leo ukimtajia mmoja atakwambia alipaka hina au hakupaka. Katika yote hayo hana anachojutia. Anachojutia ni maua.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Zeinab, Mkurdi wa milimani, mjane asiye na mtoto. Walizungumza Kiingereza cha kuokoteza, kila mmoja akimcheka mwenzake. Zeinab alipoikimbia nchi yake alibeba vitunguu kumi na viwili ndani ya soksi. Si vitunguu vya kula. Ni vitunguu vya ua la mwitu liitwalo airisi, vidogo kama thaumu, kila kimoja kimevaa ganda la nyuzi zilizosukana mfano wa wavu. Alivichimba mwenyewe mteremkoni juu ya nyumba ya baba yake.

Kule, alisema, hapana udongo wa kujivunia. Ni mawe, changarawe na nyasi kavu. Theluji hukaa mpaka Machi, na pale inapoanza kurudi nyuma, pembeni yake kabisa, ua linachomoza, fupi kama kidole, zambarau iliyokolea, na mstari wa manjano katikati ya kila ulimi wa ua. Wiki tatu, limekwisha. Kisha kiangazi chote halinyeshi hata tone. Ardhi inapasuka, mbuzi wanahamishwa, na mpita njia angeapa hapana kitu hai pale. Kumbe vitunguu viko chini vimelala, na huo ukame ndio usingizi wao.

"Mmea gani huo usiotaka maji?" Mwanamize alimwuliza.

"Mmea wa kwetu. Ukiunywesha wakati wa joto, unaoza."

"Una kiburi kama wewe."

"Na wewe hukai ukutani kwangu kwa sababu ya unyenyekevu," Zeinab akamjibu, wakacheka mpaka chai ikapoa.

Hapa Birmingham, ambako mvua haina msimu, Zeinab aliviweka katika vyungu vya kokoto chini ya kipande cha kioo, akavilinda hivyo miaka ishirini na sita. Maradhi yalipomshika alimwita Mwanamize. Hakuomba dua ndefu. Alitaka vitunguu vile vipandwe juu ya kaburi lake, maana mteremko wenyewe ulishachimbuliwa mawe ya barabara, na asingekuwa na kingine cha kwao cha kumlalia kifuani. "Na usinimwagie maji," alisema. "Niahidi." Mwanamize akaahidi. Alimwosha yeye mwenyewe, akamvisha sanda, na vuli ile akapeleka magunia mawili ya changarawe makaburini kwa teksi, akatoa udongo wa mfinyanzi, akapanda. Kila Juni alifunika pale kwa vigae vya paa, mvua isipenye.

Februari mbili zilizofuata maua yalitoka. Mwanamize alikuwa akisimama mbele yake na koti lake jeusi, haoni haya kujisifu kwa mlinzi wa makaburi.

Sasa, watu wa kwetu kaburi hulinyunyizia maji. Ndivyo tulivyolelewa: unasoma Fatiha, unamimina, unapanda mrehani. Kaburi kavu ni kaburi la mtu aliyesahauliwa. Wanawake wa Sparkbrook huenda kila Ijumaa na madumu yao, na kaburi la mume wa Mwanamize lilikuwa kijani mwaka mzima. La Zeinab, hatua kumi mbele, lilikuwa kokoto na vigae vilivyopasuka.

Maneno yalianza kiangazi cha mwaka wa ishirini na nne, katika jiko la ukumbi wa harusi karibu na Ladypool Road. Mwanamize alikuwa mlangoni na sinia la vitunguu vilivyokatwa. Ndani alikuwa wifi yake Zuleha, mdogo wa marehemu mumewe, mwanamke asiyekosa harusi wala hitima.

"Shoga yake, eti," Zuleha alikuwa akisema. "Juzi nimepita. Kaburi limekauka kama ukoko wa jungu. Bibi wa watu kafa hana mwana, sasa hata kopo la maji anaonewa choyo."

"Na la mumewe je?" mwingine akauliza.

"La kaka yangu linamiminiwa. Yule si mtu wao, basi."

Mwanamize aliingia, akaweka sinia mezani, akasema, "Vitunguu vyenu hivi." Angeweza kuwaeleza. Lakini binti Maulid bin Mkubwa hakuzoea kujieleza jikoni mbele ya watu waliokwisha kuhukumu.

Ijumaa iliyofuata alichukua dumu la lita tano. Aliondoa vigae, akamimina mbele ya macho yao wote, polepole, mpaka changarawe ikabadilika rangi. Alijua anachokifanya. Alijiambia ni mara moja tu. Zuleha akamtazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Basi na Ijumaa ya pili akamimina, na ya tatu, na Agosti yote. Kila dumu lilinyamazisha mdomo mmoja.

Februari hapakutoka kitu. Mwanamize alingoja mpaka Machi, kisha akapiga magoti, magoti yenyewe mabovu, akachimba kwa kijiko cha wali. Maganda ya wavu yalikuwapo yote kumi na mawili. Ndani mna ute mweusi unaonuka. Chini yake akapata vitoto saba, kila kimoja kadiri ya punje ya mchele, vigumu bado. Akavifunga katika leso. Aliinuka kwa kushika jiwe la kaburi la pili.

Hakwenda kwake. Alipanda basi mpaka kwa Zuleha, akakaa sebuleni bila kuvua koti, akafungua leso juu ya meza.

"Nini hivi, wifi?"

Mwanamize akamweleza yote, tangu mteremko mpaka dumu la mwisho. Zuleha akasema, "Sasa mimi ningejuaje? Hukusema."

"Sikusema. Nilichagua midomo yenu, nikamwacha mwenzangu. Hilo nitajibu mimi. Lakini hivi vinataka miaka minne kutoa ua, na moyo wangu daktari hakuupa minne. Wanangu wako mbali. Wewe una miaka sitini na nne na hukosi Ijumaa."

"Mimi na maua wapi na wapi, wifi."

"Chungu, kokoto, dirisha la jua. Juni mpaka Septemba husogezi hata kikombe karibu. Vikikua, uvipeleke kwa Zeinab, uvifunike kama nilivyofunika. Na wakikuuliza kwa nini kaburi ni kavu, utasema wewe, kwa mdomo huo huo, kila Ijumaa, mpaka wachoke kuuliza."

Akamsogezea leso.