Bruda Alipolala Sakafuni

Jumapili iliyopita nilimwona kijana akilala kifudifudi mbele ya altare ili apewe upadre, nami katika uzee wangu nikaikumbuka siku ya Bruda.

Nilikuwa mdogo, na haukuwa umepita muda mrefu tangu nitolewe kwenye msafara wa watumwa nikaletwa misheni ya Bagamoyo. Bruda aliyetufundisha kupalilia minazi ndiye aliyekuwa akipewa upadre. Kanisa lilinukia ubani na chokaa mbichi. Mara nikamwona anajinyoosha sakafuni, uso chini, na watu wote wanaendelea kuimba kana kwamba hawamwoni.

Njiani kutoka bara, aliyelala hivyo aliachwa. Mama yangu aliachwa hivyo.

Nikamponyoka sista aliyekuwa amenishika mkono, nikakimbia hadi pale, nikamvuta mkono. “Inuka, Bruda! Jikaze, watakuacha!”

Hakuinua uso, ila aliviminya vidole vyangu. Sista akanibeba nikilia.

Baada ya misa watu walijipanga wapate baraka yake ya kwanza. Yeye akawapita, akaja kuchuchumaa mbele yangu.

“Unaona, mwanangu? Nimeinuka.”

“Kwa sababu nilikuvuta.”

“Ndiyo,” akasema.

Leo najua kwamba kulala kule ni sehemu ya ibada, na kwamba angeinuka tu. Siku ile sikujua.

“Mama sikumvuta,” nikamwambia. “Nilikuwa nimefungwa.”

Akaketi sakafuni na mavazi yake mapya, akanipakata, na watu wakangoja baraka yao.