Aliyeisikia Mvua ya Mawe

Kabichi iliyopigwa na mvua ya mawe ina harufu yake. Siku ya kwanza hunuka mbichi na kali kidogo, kama jani lililosagwa kiganjani. Jua likishawaka siku mbili tatu, mteremko mzima hunuka uozo, na harufu huingia hadi kwenye shuka. Harufu hiyo ndiyo iliyojaza msimu mmoja wa utoto wangu huko Mgeta, upande wa Uluguru ambako mashamba yamekatwa ngazi ngazi. Niliishi na mama mdogo Felista, mdogo wake mama yangu, mjane asiye na mtoto, aliyelima ngazi tatu za ukoo kando ya mfereji wa maji. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo ngazi zile zilikuwa haki yake kama zilivyokuwa haki ya bibi kabla yake. Lakini anayesema kwa niaba ya ukoo ni mjomba, na mjomba wetu Severini alikuwa na shamba kavu, juu, mbali na mfereji.

Alasiri moja tulikuwa tukipalilia, jua bado linachoma mgongo, mama mdogo aliponyoosha kiuno na kuinamisha kichwa kama mtu anayeitwa. Nyuma ya mgongo wa mlima kulikuwa na mngurumo. Haukuwa wa radi, maana radi hupiga ikanyamaza. Huu ulikuwa haukatiki, kama mashine ya kukoboa iliyo mbali. Kisha upepo wa baridi ukatushukia kutoka juu, baridi ya ghafla iliyonisimamisha vinyweleo. Mama mdogo alitupa jembe. Tulikuwa na lundo la nyasi za kutandaza shambani, tukaanza kufunika kabichi, juu ya nyasi tukiweka majani ya mgomba na juu ya majani vijiti. Akawaita majirani wafunike zao. Walicheka. Mama Paskali, wa shamba la chini yetu, alisema kwa sauti ya kusikika ngazi zote: "Felista, hiyo kabichi unaivika blanketi, ina homa?" Wengine wakaongeza yao, na mama mdogo akaendelea kufunika.

Mawe yalikuja tukiwa tumejikunyata chini ya paa la jiko. Watu walitupa mashoka uani, kama ilivyo desturi, ili mvua ikatike. Iliposhiba ikaondoka yenyewe. Kabichi za majirani zilikuwa matambara, na zetu, chini ya nyasi zilizokandamizwa, nyingi zilikuwa nzima. Nilichukua jiwe moja kubwa nikalipasua kwa kisu. Ndani lilikuwa na pete, nyeupe, kisha angavu, kisha nyeupe tena, kama kitunguu. Mama mdogo alilitazama akacheka, akasema limevaa nguo nyingi kuliko yeye. Ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka kutoka shambani pale.

Siku chache baadaye mjomba aliita ukoo, na majirani wakaja. Sisi watoto tulikaa nje ya mlango, tulikoruhusiwa kutoa shikamoo na si zaidi. Mama Paskali, aliyeupokea ule wito kwa mzaha, sasa aliutoa kama ushahidi: Felista alisema mawe yanakuja, na yalikuja. Mjomba hakupandisha sauti.

"Mtu hajui kitu kabla hakijaja," alisema, "isipokuwa amekiita yeye."

"Nilisikia," mama mdogo alijibu. "Hata nyinyi mna masikio."

Jibu hilo likachukuliwa kuwa ni kiburi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini pale waliokataa kusikia walibaki na miguu yao, akavunjwa aliyesema. Ikaamuliwa kwamba, ili majirani watulie, ngazi tatu zitunzwe na mjomba. Mama mdogo alishushwa mjini kwa jamaa, akaishi kwa kuuza mchicha uliolimwa na wengine mpaka alipokufa.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Mengine nimeyatafuta mwenyewe, kwenye vitabu vya mitumba na kwenye friza ninayogandishia barafu za kuuza hapa mjini, Kihonda. Kila mfuko wa barafu ni angavu pembeni na mweupe katikati. Maji yakiganda polepole husukuma hewa itoke mbele yake. Yakiganda haraka huifungia ndani, na hewa hiyo ndiyo weupe. Jiwe la mvua hupitia yote mawili. Hewa ya joto hupanda kutoka bondeni, ikigonga mlima hupanda zaidi, na hubeba matone hadi kwenye baridi kali. Punje iliyoganda huzunguka humo, ikipata nguo juu ya nguo, mpaka upepo ushindwe kuibeba. Ikianguka, huburuta hewa baridi kwenda nayo chini. Upepo uliotushukia ulikuwa huo, na mngurumo ulikuwa wa mawe yaliyokwisha kuanza kulipiga bonde la pili. Jiwe nililolipasua lilikuwa linavishwa nguo zake juu ya mlima kabla mama mdogo hajashika jani la kwanza. Hakukuwa na siri. Kulikuwa na mwanamke aliyetega sikio, na mwanamume aliyetaka mfereji.

Ngazi zile sasa zinalimwa na watoto wa mjomba. Nao ni wa ukoo wa mama yao, si wa kwetu, na wale waliokuwa wakali sana kwa ajili ya ukoo siku ile hawajasema neno. Masika haya binamu yangu mmoja, ambaye ni miongoni mwao, alinipigia simu kwa furaha. Ujumbe wa tahadhari ya mvua kubwa ulikuwa umeingia kwenye simu za watu wote wa mlimani. Wakafunika miche mapema, na mawe yalipokuja hayakuwapata. Alisema waliotuma ujumbe ule ni watu wa kushukuriwa sana.

Nilimuuliza kama kuna yeyote huko aliyeuliza walijuaje. Akacheka, akadhani natania.