Safari ya Rufus Nyuma ya Kufuli

Hakuna fundi wa puncha soko la Jebel, Juba, aliyekuwa na mdomo kama wa Rufus. Opio, fundi mwenzake, alipolala na malaria, Rufus alimcheka mpaka jamaa akapona kwa hasira. "Mimi mtoto wa Kisii, ndugu yangu. Homa ikiniona inavuka barabara."

Sasa mtu wa hivyo atawaambiaje watu kwamba nywele za kope zimegeukia ndani, zinamkwaruza macho kama mchanga? Kwamba anaenda kupasuliwa kope?

Akadanganya. "Naenda Nairobi kuchukua lori langu."

Akapasuliwa, akarudi chumbani kwake mtaa wa Hai Malakal na tyubu ya dawa na onyo: siku kumi, vumbi hapana, moshi hapana. Juba hiyo! Ni kama kumwambia samaki akae mbali na maji.

Ili uongo usimame, akazima simu, akamwomba jirani yake Santino awe anamfungia kufuli kwa nje kila asubuhi, jioni amfungulie.

Santino akatikisa kichwa. "Mimi nafunga. Lakini wewe iko mgonjwa. Mgonjwa nataka watu."

"Watu wa nini? Funga bwana!"

Na kweli majirani wa ua ule hawakuachaga mgonjwa peke yake. Mzee mmoja alipovunjika mguu, mkeka wake ulijaa: huyu na uji, yule na maneno, mwingine amekuja kukaa tu. Lakini Rufus si alikuwa Nairobi? Nani angemjia?

Siku ya kwanza alilala. Ya pili akajipaka dawa kwa kupapasa, nusu ikaenda shavuni. Ya nne akaanza kujisimulia hadithi zake mwenyewe. Akafika pale watu huanguka kwa kicheko, akangoja. Bati likalia kwa jua. Basi.

Siku ya sita, mchana, Opio na Linus wa kazini wakaja kwa mama chai anayeuza chini ya dirisha lake. Rufus akabana pumzi.

"Nairobi imemmeza yule," akasema Linus. "Hata simu haingii."

"Afadhali. Masikio yangu yamepona." Opio akakoroga chai muda mrefu. "Lakini jameni, kazini siku hizi ni kama matanga."

Mle ndani machozi yakamtoka Rufus. Chumvi ikagusa nyuzi za mshono. Aliuma shati asilie kwa sauti.

"Mama, alikuambia ile ya lori la tangi la maji?" Opio akaendelea. "Lilikwama darajani, Rufus peke yake, jeki imevunjika, akabadilisha matairi mawili..."

"Manne!"

Kijiko kikaanguka. Opio akasukuma dirisha, akachungulia katikati ya vyuma vya dirisha.

"Wewe! Nairobi ndiyo hii?"

"Yalikuwa manne," Rufus akasema, sauti imekwisha.

"Linus, njoo uone macho! Mandazi mawili yamefura!" Wakacheka mpaka mama chai akaja kuchungulia. Rufus naye akataka kucheka, ikauma, akaacha.

"Opio. Kuna dawa hapa. Siwezi kuipaka vizuri."

Opio akaweka kikombe chini. Akanawa mikono kwa maji ya mama chai, kwa sabuni, mara mbili, akapitisha mkono katikati ya vyuma. "Angalia juu, mtoto wa Kisii."

Wakakaa hapo chini ya dirisha mpaka Santino akaja na ufunguo.

"Sasa sema ukweli," Opio akamwambia mlangoni. "Matairi mangapi?"

Rufus akafikiria. "Moja. Lakini lilikuwa kubwa."