Nilipoandika Kwamba Anajiweza

Watu wakisikia kwamba wakati wa vita vya Kagera nilikuwa Biharamulo, husogeza viti. Wanataka habari. Nawaambia malori ya jeshi yalipita, sabuni na sukari zikaadimika, kisha malori yakarudi. Wanangoja niendelee, nami nimekwisha kumaliza. Sifichi kitu. Vita vilinikuta nimeshakufa ganzi, na mtu wa hivyo hana hadithi nzuri ya vita. Ninachokikumbuka vizuri ni safari ya gari niliyoifanya miaka michache kabla, wakati watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa.

Mimi ni mtu wa Lindi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa ardhi, na nilikuwa nimemzika mke wangu. Alifariki akijifungua, na mtoto naye hakuifikia adhuhuri. Arobaini haijapita sana ikaja barua ya uhamisho kwenda mkoa ambao siku hizo bado ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi. Mama yangu alilia upya, maana kwake huko ni mwisho wa dunia. Mimi nilifunga sanduku. Ningeambiwa niende mwezini, ningeuliza tu gari linaondoka saa ngapi.

Biharamulo walinipa Land Rover kuukuu, fomu nyingi, kopo la rangi nyeupe na brashi. Dereva alikuwa amelazwa kwa malaria, na kwa kuwa nilijifunza kuendesha Lindi, nikaambiwa niendeshe mwenyewe. Kwa njia na lugha nilipewa mzee mmoja, mlinzi wa usiku wa ofisi yetu, Mhangaza wa milima ya Ngara. Ujanani alikwenda manamba, akakata mkonge Tanga kwa miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri, chenye matusi ya mashambani yaliyokaa mahali pake.

"Shikamoo mzee," nilimwambia asubuhi ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa pwani?"

"Wa pwani."

"Basi utaona baridi. Na unavyoendesha, nami nitaona mengi."

Tulitoka kwa kupitia msitu. Penye kizuizi cha mbung'o vijana walizunguka gari na nyavu zao, wakachungulia chini ya viti kana kwamba tumeiba kitu, kisha wakaturuhusu. Lusahunga tulitia maji kwenye rejeta, Nyakahura tukala viazi vya kuchemsha sokoni, katikati ya Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutafuta majani. Mzee alinionyesha kila kitu: mto huu una viboko, kilima kile kilikuwa cha mtu fulani zamani za machifu, mti huu dawa yake ni ya tumbo. Mwenyeji mwingine angeudhika kwa jinsi nilivyokuwa nikijibu "ndiyo" bila kugeuza shingo. Yeye aliendelea tu. Siku ya pili nchi ikaanza kupanda na kushuka, ukungu mabondeni, migomba imeufunika kila mgongo wa mlima, na moshi ukitoka katikati yake bila nyumba kuonekana. Ni nchi nzuri mno. Nililijua hilo kama mtu anavyojua kwamba chakula kina chumvi wakati ana mafua.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Kila mji tulioufikia niliandika jina la mwenye kaya, idadi ya watu na nyumba, kisha nikapiga alama ya rangi kwenye nguzo ya mlango. Alama hiyo maana yake mtahama kabla ya mvua. Chini kabisa ya fomu palikuwa na mstari mmoja: anajiweza au hajiwezi. Asiyejiweza, kwa mfano kiwete, mgonjwa wa kitandani au kipofu, aliruhusiwa kubaki pale alipo na mtu mmoja wa kumtunza, mpaka hapo baadaye. Mstari huo ulikuwa mikononi mwangu peke yangu. Hakuna aliyekuja nyuma yangu kuhakiki.

Watu si wajinga, habari za mstari ule zilitutangulia. Tuliwakuta wanaume wenye mabega kama milango wakichechemea. Bibi mmoja aliyelala akikoroma kwa ugonjwa alinyanyuka mbio mbuzi alipoingia kwenye maharage yake. Mzee alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Mimi niliandika "anajiweza" na kupiga rangi. Jioni ya siku ya nne nilikuwa nimeshajiambia kwamba hakuna wa kunidanganya tena.

Kulikuwa na jambo la rubisi vilevile. Kule pombe ya ndizi huletwa kwenye kibuyu, mwenyeji huonja kwanza kwa mrija mbele yako ili ujue haina sumu, kisha hukupa. Ukikataa, umemwambia unamshuku. Mimi Mwislamu, nilikataa mji wa kwanza, na wenyeji wakatazamana. Toka hapo mzee alikuwa akiunywa mgao wake na mgao wangu, akieleza kwamba bwana huyu dini yake inamkataza, lakini tumbo langu na lake ni moja. Kila mji wa mbele alizidi kuwa mkalimani mzuri. Mtu akitutukana, mzee alinitafsiria kwamba anatuombea safari njema. Nilijua, nikaacha.

Siku ya tano, juu ya Rulenge, aliniambia niliache gari barabarani. Tulipanda kwa miguu ndani ya migomba mpaka kwenye nyumba ya nyasi iliyofagiliwa vizuri. Akapiga hodi kwa lugha yao, na sauti yake ikawa ya mtoto.

"Hapa ni kwetu," akaniambia. "Huyo ni mama."

Alitoka bibi mwembamba, mrefu, amejifunga kitambaa kichwani. Aliushika uso wa mwanawe kwa mikono miwili. Aliposikia sauti yangu akanigeukia, akanisalimu kwa adabu, kisha akaingia migombani. Alikwenda upesi kuliko mimi ninavyokwenda sokoni, akigusa shina hili, akipita lile, akarudi na kichane cha ndizi mbivu alichokikata mwenyewe kwa kisu. Alileta kibuyu, akaonja, akampa mwanawe. Nilipokataa, mwanawe akamweleza, naye akacheka, akaingia ndani na kunitolea maziwa mtindi. Aliyamimina kwenye kikombe mpaka ukingoni na hakumwaga hata tone. Katika safari nzima, huo ndio mji mmoja niliokula nikashiba.

Nikatoa fomu. Watu wangapi? Mmoja, na mjukuu wa kike anayekuja kulala. Nyumba? Moja, na kibanda cha mbuzi. Nikafika mstari wa mwisho.

"Muulize kama anajiweza."

 Siku tano mzee alikuwa amepindisha maneno ya watu bila kufikiri, na sasa alikitazama kibuyu. Kisha akamuuliza mama yake, neno kwa neno nadhani, maana bibi alinyoosha mgongo. Alijibu kwa kirefu, akihesabu kwa vidole.

"Anasema nini?"

"Anasema analima. Anapika. Anachota maji mwenyewe pale chini. Anasema hajawahi kuombwa na mtu yeyote akae chini apumzike, na wewe usianze."

Bibi alikuwa ametabasamu, anangoja nifurahi. Niliandika "anajiweza". Nikachovya brashi na kupiga alama kwenye nguzo yake, na bibi, aliposikia harufu ya rangi, akauliza kitu ambacho mwanawe hakukitafsiri.

Tulishuka mpaka kwenye gari. Nilipokwisha kuwasha gari, mzee akashika usukani.

"Mwanangu. Mama haoni."

"Haoni nini?"

"Hana macho. Mwaka wa tisa huu. Hata jua halioni."

Nilicheka. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia, mzee, hata wewe? Kwa macho yangu nimemwona akikata ndizi.

"Migomba ile aliipanda mwenyewe," alisema. "Anaijua kwa mkono. Hakuna shina asilolijua. Kutoka mlangoni mpaka majini anahesabu nyayo. Lakini akivuka barabara hii, hapa tulipo, anakuwa kama mtoto wa jana."

"Mbona hukusema pale?"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mbele yake? Mama hajakubali kuwa kipofu. Nimwite kipofu mimi, mwanawe, nyumbani kwake, mbele ya mgeni? Nilidhani utaona."

Akaniomba nichukue kalamu nibadilishe. Neno moja tu, fomu ilikuwa kwenye magoti yangu. Nilimwamini? Sikumwamini, na sikumkataa. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kulala. Nilimwambia tutalitazama Biharamulo. Akaachia usukani, akasema, "Haya, bwana afisa." Hakuwahi kuniita hivyo tulipokuwa wawili.

Biharamulo nilipeleka fomu zote kwenye kabati la ofisi. Kwa siku mbili kabati lile lilikuwa mbele ya meza yangu. Ningeweza kunyoosha mkono. Kila nilipopita, mzee alisimama kwenye benchi lake la ulinzi na kunisalimu yeye kwanza, mtu mzima kwa kijana, na mimi niliitikia na kupita. Siku ya tatu zikachukuliwa. Nimesikia watu wakisema walifanya mabaya kwa hofu, wengine kwa tamaa ya cheo. Mimi sikuwa na hofu wala tamaa. Sikuwa na kitu.

Watu wakahamishwa. Mzee aliomba ruhusa akamhamishe mama yake, akarudi baada ya wiki. Mvua zilipoanza nilitumwa kupima mipaka ya viwanja katika kijiji kipya huko huko Ngara, na nikamchukua yeye, maana hakuna mwingine aliyeijua njia. Safari hii hakunionyesha mto wala kilima. Gari lilikwama matopeni mara tatu, na mara zote alishuka akasukuma kabla sijamwomba.

Kijiji kilikuwa mistari iliyonyooka juu ya uwanda mtupu, nyumba zimelingana, hakuna hata mgomba. Nilikuwa nimeichora mistari ile mwenyewe kwenye ramani ofisini, nikaisifia kwa unyoofu wake. Mbele ya nyumba mojawapo bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameikunja, mikono juu ya magoti. Mjukuu alikuwa karibu akichambua mboga. Bibi alikuwa amekonda. Mwanawe aliposema tumefika, alinyoosha mikono hewani akiutafuta uso wake, akashika sikio kwanza.

Nikasema shikamoo bibi. Aliijua sauti yangu. Alifurahi, na hilo ndilo lililonichoma, kwa kadiri nilivyoweza kuchomwa wakati ule: alifurahi kweli. Akaomba radhi kwamba hana cha kunipa, hajui maziwa yamewekwa wapi. Kisha akasema maneno mengi, na mzee, akitazama chini, akanitafsiria.

"Anasema wewe ni mpima ardhi, unaijua nchi. Anasema mimi ni mwanawe, naweza kumdanganya ili atulie. Wewe hutamdanganya. Anataka umwambie kwao ni upande gani. Kwenye migomba yake. Anasema toka aletwe hajui ameelekea wapi, na akilala hajui kichwa ameweka wapi."

Nilijua. Ramani yote ilikuwa kichwani. Nikatazama, nikalitafuta pengo la mlima, nikaliona.

"Kule," nikasema, na nikanyoosha kidole.

Tukabaki hivyo: mimi nimesimama na mkono wangu hewani, bibi ameuinua uso akinisubiri. Mjukuu akaacha mboga. Hakuna aliyecheka.

Mzee alichuchumaa nyuma ya mama yake, akamshika mabega, akamgeuza taratibu mkekani mpaka alipoelekea mlima. Bibi akashukuru. Alinishukuru mimi.