Magurudumu ya Mtu wa Kilo Mia na Kumi na Nane

Mwenyekiti wa kundi letu la baiskeli hununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wa Macalder, na ile mizani yake ndogo ya betri haachani nayo. Jumamosi moja aliiweka juu ya meza ya hoteli mjini Migori, akatia juu yake nati mbili za kishikio cha chupa, kisha akatutangazia kwamba nati zile ni gramu tisa za bure.

"Gramu tisa, jamani! Unapanda nazo kilima za nini?"

Watu wanane tukatikisa vichwa kwa masikitiko. Halafu tukaongezewa ugali.

Niseme mapema kwamba nilikuwa mmoja wa hao wanane, na ugali wangu ulikuwa wa tatu. Kundi letu lilikuwa la watu wenye afya, kwa maana ile ya kwetu ya neno afya. Walimu, makarani, wenye maduka, vitambi vyote vimefungiwa ndani ya fulana za kubana zenye rangi za kuumiza macho. Tukipita sokoni, akina mama waliacha kupanga omena, dagaa wa ziwani, wakatutazama mpaka tupotee. Mizani ya dhahabu ilipima nati, kanyagio, hata kofia. Mizani ya magunia ilikuwa mlango wa pili, kwenye duka la nafaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikaribia.

Katika jambo hili tulikuwa na sura mbili bila aibu yoyote. Nyumbani mtu akiambiwa "umenona" alijibu ahsante na kuvuta suruali juu. Kwenye baiskeli mtu huyohuyo alijipunguzia kilo ishirini kwa mdomo. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimefundisha habari za uzito kwa zaidi ya miaka ishirini, nikawawekea wanafunzi alama nyekundu kwa kuandika jibu wasilolipima, na uzito wangu mwenyewe ulikuwa kilo tisini na tano kwa sababu niliipenda hiyo namba.

Lakini sikuingia kwenye baiskeli kwa ajili ya gramu. Niliingia kwa woga. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Homa Bay, alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya sukari. Mwaka uliofuata daktari akanipima mimi, akasoma karatasi yake, akaniambia sukari yangu nayo inapanda, na kwamba ama nitafute kitu cha kuuendesha mwili huu kila siku, ama nitamfuata kaka. Kutembea kuliniumiza magoti. Kukimbia hata nisiseme. Baiskeli ndiyo iliyokubali kunibeba, nami nikaipenda kama mjinga. Asubuhi nikishuka kuelekea daraja la Migori, upepo usoni, nilikuwa mtu mwepesi kuliko wote niliowahi kuwa.

Kwa hiyo gurudumu likivunjika, kwangu haukuwa mchezo. Nilikuwa nakaa wiki mbili nikisubiri vifaa, nikila na kusahihisha mitihani, na sukari ikipanda. Nilijijua pia. Nilijua kwamba safari moja au mbili zaidi za kurudishwa nyumbani kwa bodaboda, nimekumbatia baiskeli mapajani, wanafunzi wangu wakipiga miluzi kando ya barabara, zingenitosha. Ningeiuza baiskeli na kujiambia nitaanza kutembea Jumatatu.

Na yalikuwa yakivunjika. Mwenyekiti alikuwa amenishauri nichukue magurudumu ya spoki ishirini, rimu nyembamba, mazuri kama vito. Yule aliyeyauza aliandika wazi kabisa kwamba mwisho ni kilo mia moja, mtu pamoja na baiskeli. Nilisoma. Nilisoma mara mbili. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni tisini na tano, nikaamua kwamba baiskeli nyepesi kama yangu haifai kuhesabiwa, nikalipa.

Spoki ya kwanza ilikatika kabla ya mwezi kwisha, upande wa mnyororo, pale inapojikunja kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Ya pili ilifuata. Mwenyekiti alisema naendesha vibaya. Mwingine akasema ni barabara. Mimi nilisema ni kiwanda. Tulilaumu kila kitu katika kaunti ya Migori isipokuwa tumbo langu, ambalo lilikuwa limekaa pale katikati yetu sote likisikiliza.

Kupungua nako kuna shida zake huku kwetu. Nilipopungua hata mkanda ukasogea tundu moja, mama mkwe alituma kuku na maombi. Katika chumba cha walimu, wenzangu walianza kunisalimia kwa sauti ya chini, na mmoja akaniuliza kama nimeandika wosia. Nikajirudishia kilo zangu kwa heshima ya familia.

Spoki ya tatu ilikatika karibu na Rangwe, tukiwa kundi zima njiani kwenda Homa Bay. Hii haikukatika peke yake. Ilimchukua jirani yake, na gurudumu likapinda likaanza kusugua breki. Mwenyekiti aligeuza shingo, akapaza sauti, "Pole, mwalimu! Tutakupigia picha ziwa!" Wakaenda. Nilibaki nikisukuma, viatu vyangu vya kubana vikilia kwenye lami, mpaka nikafika kwenye kibanda cha mabati ambapo mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, akikaza gurudumu la baiskeli ya kubebea makaa. Hapo Rangwe wote humwita Mama Fundi.

Alilipokea gurudumu langu kwa vidole viwili.

"Hii iliundwa ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Sijauliza ni ya nani. Nimeuliza iliundwa ya nani." Akalizungusha. "Unabebanga nini?"

"Sibebi kitu. Ni mimi tu."

Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, bila haraka, akarudi tena juu. "Basi wewe ndio mzigo. Kilo ngapi?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu, kana kwamba hilo lingesaidia. Kisha nikasema tisini na tano.

"Yawa!" alimaka kwa Kijaluo, akimwita mama aliyekuwa akiuza mahindi ng'ambo. "Kuja usikie. Mwalimu anasema ni tisini na tano." Wakacheka wote wawili, wakagonganisha viganja. Akanigeukia. "Gunia ya mahindi ni tisini. Mimi nimebebesha watu gunia maisha yangu yote, naijua vile inakaa kwa baiskeli. Wewe ni gunia na kitu. Enda pale kwa mizani."

"Mama, si unikadirie tu?"

"Mtu wa makaa akikuja hapa namuuliza magunia ngapi, ananiambia. Hanionei haya. Wewe na nguo ya rangi yote hiyo ndio unaona haya?"

Ilikuwa siku ya soko. Nilivuka barabara na kupanda juu ya mizani ya nafaka kati ya gunia la maharagwe na mbuzi aliyefungwa miguu. Sindano ilizunguka, ikapita tisini na tano bila hata kuiaga, ikatulia. Mwenye mizani, ambaye kazi yake ni kusoma kwa sauti, akasoma kwa sauti. "Mia moja kumi na nane!" Watu wakapiga makofi. Kikongwe mmoja alimshukuru Mungu hadharani kwamba bado kuna wanaume wanaolishwa vizuri. Nilishuka nikiwa mtu maarufu Rangwe, na masikio yakinichoma. Nilitamani ardhi inimeze, ingawa baada ya namba ile sikuwa na hakika kama ingeweza.

Mama Fundi hakucheka tena. Aliandika 118 kwa chaki ukutani, katikati ya namba za watu wa makaa na watu wa samaki, akaniuliza njia ninazopita. Mia na kumi na nane haikumshtua. Kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

"Mzigo iko nyuma," alisema. "Nyuma tunaweka spoki thelathini na sita. Mbele tunaweza punguza kidogo, uridhishe roho yako."

Nilimwambia nataka pia wepesi, kwa sababu kuna vilima. Akakubali. Aliniagiza nilete rimu za aluminiamu zilizo pana kidogo, si zile za kaboni wala zile za chuma za baiskeli za kubebea maji. Spoki nilete zile nyembamba katikati na nene ncha zote mbili, kwa kuwa hizo hunyumbuka kidogo badala ya kukatika shingoni. Tairi iwe ya milimita ishirini na nane au zaidi, nisiijaze upepo ikawa kama jiwe. Na habu, akasema, hapo ndipo nisijifanye mjanja nikanunua ya bei rahisi. Nilirudi nyumbani nikasoma mambo hayo usiku wa siku mbili, mimi mwenye shahada, nikakuta kila alilosema ni kweli. Nilikasirika siku nzima.

Vifaa vilipofika nikampelekea. Alisuka gurudumu la nyuma asubuhi moja, kila spoki ikipishana na nyingine tatu, akizigusa kwa ukucha na kusikiliza mlio mpaka za upande mmoja zote zikalia sawa. Halafu akazibana mbilimbili kwa kiganja mpaka zikatoa vilio vidogo, akalilaza gurudumu chini akalikandamiza kwa goti, akaanza kukaza upya. Nilimuuliza mbona anarudia. "Saa hii ndio imekaa," alisema. "Ya kwanza ilikuwa inadanganya." Nilitazama pembeni.

Kundi lilinipokea kama nilivyotarajia. Mwenyekiti alitoa mizani ya dhahabu, akapima spoki moja ya akiba, akazidisha kwa zile kumi na sita zilizoongezeka, akatangaza kwamba nyuma pekee nimejibebesha karibu gramu mia, bila hata kuhesabu rimu. "Mwalimu ameanza biashara ya makaa!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameshika chupa ya soda ya nusu lita, ya pili, na sikuona akiipima.

Nikaacha kupanda nao. Si kwa hasira tu, ingawa hasira ilikuwepo na bado ipo. Niligundua kwamba naweza kwenda peke yangu na kurudi. Nilikwenda kila siku. Miezi minne hakuna spoki iliyokatika, na daktari alipoitazama karatasi aliniuliza, kwa mashaka, kama kweli hii ni yangu.

Ndipo nikaamua kwenda Homa Bay kumwona kaka, kutoka Migori mpaka mlangoni kwake, kwa baiskeli. Vilima vya njiani vinakupa muda mwingi wa kufikiri, na kuna jambo nililokuwa nimelikwepa tangu nianze kuendesha. Kaka yangu aliwahi kuwa na baiskeli ya lami. Alikuwa nayo kabla yangu, kabla ya kundi, kabla ya mtu yeyote kwetu kuvaa fulana ya kubana. Daktari wake alimwambia kama wangu alivyoniambia. Alikuwa mzito kunizidi. Siku moja, mbele ya kanisa, watu wakitoka ibada, gurudumu lake la nyuma lilivunjika akakaa chini barabarani na mguu mmoja ndani ya fremu. Mimi nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaifanya hadithi, nikaisimulia harusini na matangani kwa miaka, na sauti ya spoki nikiigiza kwa mdomo, na kaka akiwa amekaa palepale akitabasamu. Wiki ile ile ya kanisani alikuwa ameiuza baiskeli.

Niliwasili jasho likinitoka kama bomba. Kaka alikuwa uani kwake, kwenye kiti, magongo yamelazwa kando. Aliniita omera, yaani ndugu yangu, lakini hakuuliza habari za nyumbani. Aliniomba nisogeze baiskeli karibu, akalishika gurudumu la nyuma, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Thelathini na sita," nilimsaidia.

"Na ile yangu ilikuwa na ngapi?"

"Sijui, Kaka. Sikuhesabu."

"Eeh. Ulikuwa unacheka."

Alisema bila ukali wowote, jinsi mtu anavyotaja siku ya soko. Nilifungua mdomo niombe msamaha, na nilikuwa nimeupanga tangu Rangwe, kwa maneno mazuri. Nilisema, "Nilikukosea," basi, na nikaona aibu jinsi lilivyokuwa fupi.

Aliendelea kulizungusha gurudumu. Baadaye akasema, "Nipandishe."

"Kaka, haitatubeba wewe na mimi..."

"Sio wewe na mimi. Ni mimi. Nipandishe nikae."

Nikaiegemeza baiskeli kwenye kiuno changu, nikamshika kwapani, nikamwinua. Alikuwa bado mzito sana. Alipitisha kile kigutu cha mguu juu ya fremu, akaketi, akashika usukani kwa mikono yote miwili, akanyoosha mgongo. Nikaanza kumsukuma taratibu uani, hatua moja, hatua mbili, mguu wake mmoja ukikanyaga hewa na kukosa na kukanyaga tena.

Upande wa pili wa ua majirani walikuwa wametokeza vichwa. Mmoja akaanza, wengine wakafuata, kicheko kile cha kushika ukuta. Nilisimama na kuwageukia, damu imenipanda, nikitafuta tusi la kuwapa.

"Wachana nao, omera," kaka alisema, macho yake mbele. "Wewe shika baiskeli."